Landrova ya karatasi: ya kujua kabla hujashika wembe

Anayeiona Landrova yangu kwa mara ya kwanza huinama kuchungulia chini, halafu huuliza springi zile nilizinunua wapi. Sikuzinunua. Ni karatasi, kama ilivyo bodi, usukani na nati za rimu. Kila springi ni majani niliyoyakata kwa wembe nikayapanga, refu juu, fupi chini yake, fupi zaidi likifuata, kisha nikayafunga katikati kwa uzi uliopakwa gundi. Vijana wakishasikia hivyo huniomba niwafundishe springi kwanza. Huwa nakataa. Springi za gari hili nilizifikia mwezi wa tatu wa kazi, na zisingekuwa na maana yoyote kama fremu inayokaa juu yake ingekuwa imepinda.

Nalijua hilo kwa sababu fremu ya gari langu la kwanza ilipinda. Niliijenga kwa pupa, hamu yangu yote ikiwa kwenye bodi. Ilikuwa imejisokota kiasi cha unene wa karatasi chache tu, jicho halikuona. Nikaweka ekseli, sakafu, kuta, milango. Siku niliyolisimamisha mezani, tairi la mbele kushoto lilikuwa hewani. Nikalibonyeza chini, la nyuma kulia likanyanyuka. Mlango wa dereva ulikuwa na mwanya juu, chini umekwama. Kufikia hapo hakuna cha kurekebisha, maana gundi imeshakauka kila mahali. Jioni za miezi miwili zilipotea, nikaanza upya.

Kwa hiyo wewe unayeanza, chagua gari litakalokuvumilia. Mimi nashauri Landrova ya zamani, ile 109 ya Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aluminiamu, mabamba bapa yenye mikunjo michache ya kawaida. Fremu nayo ilitokana na vipande bapa vya chuma, vinne vinne, vilivyochomelewa vikawa mhimili wenye uwazi ndani kama boksi refu. Ukikata vipande vinne vya karatasi ngumu ukaviunganisha hivyo hivyo, unafuata njia ileile waliyofuata wao. Sijapata gari jingine linaloafikiana na karatasi kiasi hicho.

Gari dogo la siku hizi ni kazi nyingine kabisa. Karatasi hukubali kupinda upande mmoja. Ukiipinda pande mbili kwa wakati mmoja inakunjamana. Jaribu kulifunika chungwa kwa karatasi utaona ninachosema. Boneti na mabega ya magari mapya yamejaa miviringo ya namna hiyo, na dawa yake ni kuigawa kila sehemu katika vipande vyembamba vingi. Utafika huko, lakini baadaye.

Faida nyingine ni kwamba Landrova hizi bado zipo. Tafuta moja gereji, muombe mwenyewe kwa adabu, lala chini yake na tepu na daftari. Piga picha kila kona, hasa chini, maana picha za mtandaoni nyingi ni za juu. Pima tundu la tangi la mafuta, pima bawaba, hesabu majani ya springi za mbele na za nyuma kwa sababu hayalingani.

Kuhusu skeli, tumia 1:25, yaani kila kipimo cha gari halisi kigawanywe kwa 25. Wapolandi, ambao jarida lao la Mały Modelarz lilianza kuchapa modeli za kukata na kubandika mwaka 1957, wameizoea skeli hiyo kwa magari na vifaru. Hesabu yake ni rahisi: chukua kipimo cha gari halisi kwa sentimita, zidisha kwa 0.4, unapata milimita za modeli. Upana wa Landrova ni karibu sentimita 168, kwa hiyo modeli itakuwa na milimita 67. Na kwa gari la Kiingereza kuna raha zaidi, kwani lilichorwa kwa inchi, na kwenye skeli hii inchi moja inakaribia sana kuwa milimita moja. Ile 109 ni umbali kati ya ekseli kwa inchi. Kwenye modeli inatoka karibu milimita 111. Rimu ya inchi 16 inakuwa milimita 16 na kidogo. Nilipoligundua hilo niliacha kutembea na kikokotoo.

Michoro unaweza kuichora kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, au kwa Inkscape, programu ya bure. Ukichora kwa kompyuta, kila ukurasa uwekee mstari wa milimita 100 kamili pembeni. Umuhimu wake utauona steshenari. Kijana anachomeka flashi yako, anabonyeza, na mashine yenyewe inapunguza ukurasa ili uenee ndani ya mipaka yake. Kurasa mbili zimepungua, ya tatu ukaichapisha kwingine haikupungua, na mlango hauingii tena kwenye fremu yake. Mwambie achapishe kwa asilimia 100, kisha pima mstari wako hapo hapo kaunta kabla hujalipa. Uliza pia mashine ni ya wino au ya leza. Wino wa maji unachuruzika ukiguswa na gundi mbichi, hivyo unahitaji kupuliziwa vanishi kwanza. Wa leza hauogopi maji, ila unapasuka kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe.

Karatasi ya gramu 80, ile ya kawaida ya kuchapishia, ina unene wa karibu milimita 0.1, itumie kwa vitu vidogo kama stika na vibao vya dashibodi. Bodi iwe ya gramu 160 hadi 200. Mifupa ya ndani na tairi inataka kadibodi ya milimita 1 hivi, na hiyo huna haja ya kuinunua: majalada ya kaunta buku, mgongo wa kalenda ya mwaka jana, maboksi ya mashati. Usikadirie unene kwa macho. Pandanisha vipande kumi, pima kwa rula, gawa kwa kumi.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nililijua kwa kuchelewa, na nakuomba usilipite haraka. Karatasi ina nyuzi, kama ubao. Kiwandani nyuzi nyingi hulala upande mmoja, ule karatasi inaokwenda mashineni. Kata vipande viwili vyembamba vya urefu sawa kutoka kwenye karatasi moja, kimoja kwa urefu wa ukurasa, kingine kwa upana. Vishike pamoja kwa ncha moja, vikiwa mlalo. Kimoja kitasimama, kingine kitalegea. Kinachosimama, nyuzi zake zinakwenda na urefu wake. Ukitaka kupinda kitu, kwa mfano ukingo wa paa la Landrova, nyuzi zilale sambamba na mpindo. Karatasi itazunguka taratibu kwenye kalamu bila kuvunjika. Ukipinda kukata nyuzi, inatoa vijimikunjo vidogo vidogo ambavyo hakuna rangi itakayovificha. Kwa muda mrefu nilidhani mkono wangu ndio mzito, kumbe nilikuwa nimeipanga michoro kwenye ukurasa bila kufikiria nyuzi.

Vifaa ni vichache: wembe au kisu cha kukatia karatasi chenye makali mapya, rula ya chuma, kalamu ya wino iliyokwisha kwa kuchora mistari ya mikunjo, kibano, vijiti vya meno vya kupakia gundi, msasa laini, na kipande cha kioo kilichonyooka. Kioo ndicho meza yako ya vipimo. Muombe fundi madirisha akukatie kipande na kukilainisha kingo. Badilisha makali mapema. Yakishaanza kuburuta yanararua, na mikato iliyoraruka huongezeka unene ikilowa gundi.

Gundi nyeupe ya mbao inatosha kwa kazi nyingi, lakini ni maji. Ukiimwaga kwenye paneli pana, karatasi inavimba, ikikauka inabaki na mawimbi. Paka nyembamba kwa kijiti, ngoja nusu dakika ipungue unyevu, ndipo ubandike. Sisi wa pwani wakati wa masika hatuna budi kuwa na subira zaidi. Paneli iliyokaa sawa jioni unaweza kuikuta asubuhi imebenuka. Siku za mvua mimi hukata tu na kupanga, sibandiki kitu kikubwa. Na ile gundi ya unga wa ngano tuliyozoea utotoni iache. Mende na wadudu wengine wataila pamoja na gari.

Fremu ijengwe juu ya kioo tangu mwanzo hadi mwisho. Chora umbo lake kwenye karatasi, weka karatasi chini ya kioo, ujenge juu ya mchoro. Mihimili miwili mirefu kwanza, iache ikauke peke yake usiku mzima chini ya uzito. Kisha ile ya kukatiza, mmoja mmoja, kila mmoja ukipimwa kwa pembe ya nyuzi 90. Baada ya kila kimoja pima mishazari yote miwili, kona hadi kona. Ikitofautiana hata kwa nusu milimita, bandua sasa hivi gundi ikiwa mbichi. Mwisho chukua ukanda wa karatasi ya kawaida ujaribu kuupitisha chini ya kila kona ya fremu iliyolala juu ya kioo. Ukipita kona moja na kukwama tatu, imejisokota. Nimeshawaambia wengi hili na wengi wameniambia tofauti ya unene wa karatasi ni ndogo. Si ndogo. Huo ndio mwanya utakaouona kwenye mlango.

Fremu ikikubali, springi ni starehe. Jani la springi nililopima lilikuwa na unene wa karibu milimita 6. Kwenye 1:25 hiyo ni robo ya milimita, yaani unene wa karatasi ya gramu 200 jinsi ilivyo. Huhitaji kuigiza kitu. Jani moja la chuma ni jani moja la karatasi. Yapinde yote pamoja kwenye chupa kabla ya kuyabandika, yasije yakavutana baadaye.

Kwenye bodi nitataja mawili tu. Ribiti zichomoze kabla hujakata paneli: igeuze karatasi, weka juu ya kipande cha ndala, bonyeza kila alama kwa sindano iliyosagwa ncha. Bonyeza kwa nguvu ile ile toka mwanzo wa safu hadi mwisho, na usikatishe safu katikati ukarudi kesho, maana mkono wa kesho si wa leo. La pili ni kingo. Kila ulipokata pana rangi nyeupe ya ndani ya karatasi, na weupe huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hiki ni karatasi. Paka kingo zote rangi ya gari kabla ya kubandika, hata zile unazodhani hazitaonekana.

Nimeacha tairi mwisho ingawa ndizo zinazopaswa kutengenezwa kwanza. Tairi la 7.50-16 lina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo unatafuta milimita 32, na upana wa 8. Kata duara nane za kadibodi ya milimita 1, kila moja ikiwa kubwa kidogo, milimita 34. Zitoboe katikati, zibandike, zibane usiku kucha. Asubuhi zipitishe kwenye kijiti cha mshikaki, zungusha kijiti kwa vidole huku msasa ukigusa ukingo, polepole, mpaka ufike 32. Ukingo ukianza kutoa manyoya, ulowanishe kwa supagluu dirisha likiwa wazi. Ukikauka unakuwa mgumu kama ubao na msasa unaukata vizuri. Kisha libiringishe juu ya kioo. Likienda moja kwa moja hadi mwisho bila kuyumba, liko sawa. Likikata kona, rudi kwenye msasa.

Tengeneza sita. Hata mkono uliozoea hautoi sita zinazofanana. Chagua nne bora kwa ajili ya chini. Ya tano, iliyoyumba kidogo, inapanda juu ya boneti, mahali Landrova inapobebea tairi la akiba, na pale haitabiringika. Ya sita ikate katikati kwa wembe mpya, utazame ndani jinsi gundi ilivyoenea, ili ujue za kundi linalofuata uzibane kiasi gani.