FFTW ipo, lakini programu haijengeki

Ndugu, umesema FFTW, maktaba ya kukokotoa mageuzi ya Fourier, umeshaisakinisha kwenye Ubuntu, lakini ukijenga programu yako kutoka msimbo chanzo, CMake, zana inayoandaa ujenzi wa programu, inadai haioni fftw3.h. Mara nyingi tatizo huwa hili: kifurushi cha kawaida kina maktaba ya kuendeshea programu tu. Faili za heda, zile zinazoishia na .h ambazo kompaila (programu inayogeuza msimbo chanzo kuwa programu ya kuendeshwa) inazihitaji wakati wa kujenga, zimewekwa kwenye kifurushi kingine chenye -dev mwishoni mwa jina. Andika:

sudo apt install libfftw3-dev

Kwenye Fedora kinaitwa fftw-devel.

Kisha, tafadhali sana, futa folda nzima ya build (ile unamojengea programu) kabla ya kuanza upya. CMake huhifadhi majibu yake ya awali kwenye CMakeCache.txt, hivyo inaweza kuendelea kushikilia jibu la zamani hata baada ya maktaba kupatikana. Wengi hukata tamaa hapa bure.

Kama FFTW uliijenga mwenyewe, ielekeze CMake kwa -DCMAKE_PREFIX_PATH=$HOME/fftw, au popote ulipoiweka.

Programu ikijengeka halafu ikagoma kuanza, endesha ldd juu yake, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, uone ipi haipatikani, kisha ongeza folda yake kwenye LD_LIBRARY_PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta maktaba. Usibadilishe jina la faili ya maktaba (.so) ya toleo jingine ili tu ikubalike. Programu inaweza kuwaka vizuri na kukupa hesabu zenye makosa bila onyo lolote, na kwa kazi ya kisayansi hiyo ni hatari kuliko kugoma.

Ikikwama bado, leta ujumbe wa kosa la kwanza, si wa mwisho.