Jibu: Helios 44-2 kwenye Sony A7

Mkuu, umeuliza kama Helios 44-2, lenzi ya zamani ya Kisovieti uliyoachiwa na mzee, itafanya kazi kwenye kamera ya Sony A7. Itafanya, na tafadhali usiiuze! Nunua adapta ya kuunganisha M42 (mdomo wa skrubu wa lenzi hiyo) na Sony E (mdomo wa kamera yako); ni pete tu ya chuma, haina kioo, hivyo ubora wa picha haupungui. Kwenye menyu ruhusu kamera ipige bila lenzi, maana haitaitambua hii, la sivyo itagoma. Fokasi utazungusha mwenyewe kwa mkono. Fungua tundu la lenzi hadi f/2, yaani wazi kabisa, msimamishe mtu mbele ya majani yanayopenyeza jua: kwenye picha, ukungu wa majani nyuma yake utaonekana kuzunguka kama kimbunga. Lenzi nyingi za kisasa zimeondolewa kasoro mno, ladha hiyo hazina. Ila kwanza imulike kwa tochi, uangalie kama kuna kuvu ndani.