Kabla Hujamuuliza Anapiga Nini, Muulize Alijifunzia Wapi

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimekusanya wenzangu wanne tuanzishe bendi. Mimi gitaa, kuna wa kinanda aliyekulia kanisani, kuna dada wa kwaya, wa dramu katoka bendi ya shule, na jamaa wa saksafoni. Kila mmoja akiwa peke yake ni moto. Tukikutana ni kelele tupu. Tatizo letu ni nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Bendi hiyo unayoielezea niliwahi kuwa nayo, na mimi ndiye niliyeivunja.

Nijisifu kidogo kwanza, mnivumilie. Wiki iliyopita tulipiga nyimbo 26 mfululizo na hakuna aliyemgeukia mwenzake kwa jicho baya. Anayetujua tangu mwanzo anaelewa hilo si jambo dogo. Watu wanatuuliza siri yetu ni vyombo gani. Vyombo vyetu ni vya kawaida kabisa, spika moja ina mkanda wa gundi tangu mwaka juzi. Siri ni kwamba sasa hivi namjua kila mtu alikotoka kimuziki. Zamani sikujua, wala sikutaka kujua.

Mimi nilijifunza gitaa kwa kaseti. Sikiliza, rudisha, sikiliza, rudisha, mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. Kodi (za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za mapato) nilizijua kwa umbo la vidole, si kwa majina. Niliyejifunza bila mwalimu nilikuwa na kiburi kibaya kuliko vyote, kwa sababu hakina wa kukikemea. Mtu akifungua karatasi ya nota mbele yangu nilimwona kama anayesoma barua badala ya kuongea.

Bendi yangu ya kwanza ilimpata mpiga tarumbeta, mtu mzima, aliyelelewa kwenye bendi za matarumbeta tangu ujana wake. Alifika mazoezini dakika 15 kabla yetu sote. Swali lake la kwanza: "Kijana, huu wimbo uko kii gani?" Kii ni ile noti ambayo wimbo unaikalia kama nyumbani. Nikamjibu E. Kila kitu changu kilikuwa E, kwa sababu kwenye gitaa uzi mnene na uzi mwembamba zote ni E, ukizigusa wazi zinaimba zenyewe. Akauliza kwa upole kama tunaweza kushusha nusu toni, iwe E flati. Nikamwambia, mbele ya wenzangu, "Mzee, hapa tunapiga kwa hisia."

Alinyamaza. Akapiga kwenye E.

Siku ya shoo yenyewe, ile sehemu ambayo tarumbeta linabaki peke yake, sauti ikampasukia. Mara moja, halafu tena. Watu wa mbele wakacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu pamoja nao. Baada ya shoo nikamlaumu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Hakujibu. Alibonyeza kile kitufe cha kutolea maji, akapuliza, akafuta mdomo wa tarumbeta kwa leso nyeupe, akaulaza kwenye kisanduku. Vibanio viwili vikalia, ta, ta. "Siku ukijua ulichoniomba, utanitafuta," akasema, akaondoka.

Nilichomwomba nilikuja kukijua miezi minne baadaye, kwa mtu anayesoma nota. Tarumbeta la kawaida limejengwa kwenye B flati. Anayelipiga akisoma C, sisi wengine tunasikia B flati. Kwa hiyo sisi tukiwa E, yeye yuko F shapu, kii yenye shapu 6, yaani noti sita kati ya saba zimepandishwa nusu toni. Tungeshuka ile nusu toni aliyoiomba, angekuwa F, yenye flati moja tu, njia aliyoikanyaga tangu ujana. Na mimi? Ningebana kepo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye nafasi ya kwanza ya shingo ya gitaa, nikapiga maumbo ya D, basi. Sekunde 5 za kazi yangu zingemwokolea aibu ya jioni nzima. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa na nyumbani kwake, na mimi nilimlazimisha kila mtu alale kwangu.

Nilimtafuta kweli. Alipokea simu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante kwa kupiga." Amejiunga na bendi nyingine. Nimewasikia. Wanapiga E flati.

Basi, ushauri wangu wa kwanza: muulize mtu alijifunzia wapi. Usimuulize ana miaka mingapi kwenye muziki. Miaka 10 ya kanisani na miaka 10 ya gwaride ni vitu viwili tofauti kabisa.

Bendi ya sasa niliianza kwa kuuliza, na hata hivyo nilichomwa. Mpiga kinanda wetu ametoka kanisani, alikopiga peke yake miaka yote. Mtu wa namna hiyo amezoea kuwa bendi nzima: mkono wa kushoto unapiga besi nzito, wa kulia unajaza kila pengo, maana kule akinyamaza kila kitu kimenyamaza. Ukimweka na mpiga besi, besi mbili zinagongana chini huko, muziki unakuwa tope. Miezi miwili mazoezini tulimkalisha juu ya mkono wake wa kushoto. Siyo mfano wa maneno, aliukalia kwelikweli, analalamika ganzi. Lakini msije mkaudharau mkono huo. The Doors, bendi ya roki ya Marekani, hawakuwa na mpiga besi jukwaani. Mpiga kinanda wao, Ray Manzarek, alipiga besi yote kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukipiga kinanda kingine. Mkono unaotuharibia sisi ndio uliowabeba wale. Inategemea nani mwingine yupo chumbani.

Halafu kuna kile kitufe cha kinanda cha kuhamisha kii. Yeye hupiga maumbo ya C tu, kinanda ndicho kinachohama. Shoo moja alisahau kukirudisha baada ya wimbo uliotangulia. Akaanza utangulizi peke yake, mtamu, watu wakafumba macho. Tukaingia sote kwa pamoja, toni nzima chini yake. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile, na ninaombea nisiisikie tena. Siku hizi kuna karatasi nyekundu imebandikwa pembeni ya kitufe: SIFURI.

Wa dramu alitokea gwaride. Mikono yake, wallahi, ungedhani anamwaga mchanga. Mguu sasa! Kwenye gwaride ngoma kubwa anabeba mtu mwingine, matoazi mwingine, yeye ana yake moja tu mbele ya kiuno. Kwa hiyo mguu wake haukuwahi kuajiriwa popote. Nilidhani ni mvivu, nikakaribia kumwambia, nikakumbuka leso nyeupe. Nikamuuliza ametoka wapi. Akapewa wiki tatu za kupiga mguu peke yake, mikono mfukoni.

Dada wa kwaya yeye hakujua E wala F. Ukimtajia kii anauliza, "Do iko wapi?" Nilidhani ananitania. Solfa ya kwaya, ile iliyoenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 kutokana na kazi ya mwalimu Sarah Glover, haina do ya kudumu. Do inahamia pale wimbo unapokaa. Ukiwa E, E ndiyo do. Huyu dada, niliyemwona hajui, ndiye aliyetuponya. Tuliacha kutaja herufi, tukaandika namba ukutani, za kuhesabu kutoka do: 1, 4, 5. Yeye anasoma do, fa, so. Mimi nasoma maumbo yangu. Wa kinanda anasoma C, F, G yake na kubonyeza kitufe. Kila mtu anatafsiri kimoyomoyo kwa lugha ya kwao. Ushauri wa pili ni huo, namba. Wa tatu ni kama wa kwanza: muulize mtu alijifunzia wapi.

Vijana wengi mnaanguka hapa. Mnatafuta mtu anayefanana na nyinyi, aliyesikiliza mlichosikiliza, aliyeiga mliyemwiga. Fela Kuti, yule Mnigeria wa Afrobeat, alikwenda London mwaka 1958 akasoma Trinity College of Music, shule ya nota na mitihani. Tony Allen, mpiga dramu wake, alijifundisha mwenyewe kwa kuwasikiliza wapiga dramu wa jazi kina Max Roach na Art Blakey. Mmoja wa darasani, mwingine wa sikio. Huyo wa darasani angesema "kwanza soma nota ndiyo uje," Afrobeat tungeisikia wapi? The Beatles nao hawakusoma nota, lakini mtayarishaji wao George Martin, aliyesomea oboi (ala ya kupuliza) chuo cha muziki cha Guildhall, London, alikaa nao studio na hakuwacheka. Najua mnapenda kusikia habari za vipaji. Mimi nawaambia habari za adabu. Acheni dharau, jamani. Mzee akiuliza kii, mjibu, na umuulize anaitaka wapi.

Sasa turudi kwako, mdogo wangu. Wa kinanda mwangalie mkono wa kushoto, wa dramu mwangalie mguu, dada mwonyeshe namba. Kuhusu saksafoni hukuniambia ni alto au tenori, na hilo ndilo ningelijua kwanza. Tenori ni B flati kama lile tarumbeta. Alto ni E flati, ndiyo mbaya zaidi kwako mpiga gitaa: ukikaa kwenye E unampeleka C shapu, shapu 7, hakuna noti hata moja iliyopona. Kwa hiyo mazoezi yajayo nenda na kepo. Fika kabla yake. Akishaunganisha ala yake na kulowanisha ule mwanzi wa mdomoni, muulize anataka wimbo ukae wapi, kisha wewe ndiye uhame.