Usidanganywe: kabureta hushika barafu hata Malindi

Mdogo wangu, salamu baadaye. Umeuliza mambo manne: ndege ndogo za watu binafsi huangushwa na nini hasa, saa ngapi ni nzuri kutoka Malindi kwenda Manda (uwanja wa ndege wa Lamu), abiria wavae maboya au la, na ndege ilale wapi ukishafika. Sawa. Lakini katikati umepachika kijisentensi kilichonipandisha presha: kwamba kishikio cha joto la kabureta (kabureta ni kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli, na kishikio ukikivuta huingiza hewa ya moto humo) kwenye hiyo ndege mnayokodi ni kigumu kuvutika, ila si neno kwa sababu "nimeambiwa huku pwani hakina kazi".

Nani kakwambia? Usimtaje, nadhani namjua. Na kama si yeye, basi ni mwanafunzi wake.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo na kepteni mmoja mwenye mvi na heshima zake, tumekaa kwenye benchi tunakunywa chai ya tangawizi. Nilimuuliza kwa adabu zote: kitabu cha ndege kinataka nivute joto la kabureta kabla sijapunguza nguvu ya injini, je, huku kwetu kuna haja? Akacheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani. "Barafu Malindi? Nenda kaitafute kwa wauza samaki!" Benchi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, maana hakuna anayetaka kuwa mshamba peke yake.

Basi nikueleze alichopaswa kunieleza yeye. Kabureta haina habari na jua la Malindi. Hewa ikipita pale koo linapobana, shinikizo lake hushuka, na papo hapo petroli inageuka mvuke. Yote mawili yanakula joto. Umewahi kugusa mtungi wa gesi wakati wa kupika pilau ya harusi? Jikoni kunachoma, mtungi umelowa na ni wa baridi. Ndani ya kabureta joto linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi mara moja, kwa hiyo nje unaweza kuwa na nyuzi 18 huku ndani mmeshafika chini ya sifuri. Kinachohitajika kutengeneza barafu baada ya hapo ni unyevu tu, na unyevu sisi tunao wa kugawa bure. Kule Ulaya kwenye baridi kali hewa huwa kavu na hatari hii hupungua. Tafuta ile chati ya barafu ya kabureta wanayofundishia marubani, weka joto la nyuzi 28 na kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) nyuzi 24, yaani asubuhi ya kawaida kabisa hapa kwetu, halafu uone inakuweka wapi. Hatari kubwa, injini ikiwa na nguvu ndogo ya kushukia.

Kwa nini kushuka? Kwa sababu ukipunguza nguvu, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa kinakaribia kuziba. Uwazi uliobaki ni mdogo, kwa hiyo barafu kidogo tu inatosha kuumaliza. Na hapo ndipo injini yenyewe inapoa.

Sasa yaliyonipata. Msimu wa kusi, asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Narudi kutoka Manda na shemeji yangu na jamaa zake wawili, nyuma tumebeba kasha la kamba mawe waliofukiwa kwenye barafu. (Ndiyo, barafu ilikuwa nyuma na mbele. Utani huo nimeshafanyiwa, tafuteni mwingine.) Tukavuka Ghuba ya Ungwana bila tatizo, Ngomeni tukaiacha kushoto, nikapunguza nguvu nianze kushuka. Kishikio cha joto sikukigusa. Nilisikia sauti ya benchi kichwani.

Karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni mizunguko ya injini ikaanza kupungua polepole. Haikutikisika, haikupiga kelele, mshale tu unateremka. Nikasukuma nguvu kidogo, mshale ukarudi. Baada ya muda ukateremka tena, nikasukuma tena. Hivi ndivyo barafu inavyokufanya uifiche mwenyewe: kila ukiongeza unadhani umetibu. Kisha injini ikaanza kutetemeka, na hapo ndipo nikakumbuka kitabu. Nikavuta kishikio hadi mwisho.

Na injini ikawa mbaya ZAIDI. Ikakohoa, ikatikisika hadi vioo vikalia, mizunguko ikaporomoka. Shemeji yangu, muuza simu, mtu ambaye hajawahi kuona kabureta hata ya bodaboda, akapiga ukelele: "Rudisha! Rudisha hicho ulichovuta!"

Nikarudisha.

Hilo ndilo kosa, mdogo wangu. Kuchelewa kuvuta kulikuwa na dawa, kurudisha hakukuwa nayo. Ile kukohoa ndiyo dalili kwamba joto linafanya kazi: barafu inayeyuka, injini inameza maji, na ile hewa ya moto yenyewe ni nyepesi inayopunguza nguvu. Unavumilia, roho iko mkononi, na injini inarudi. Mimi nilikatiza dawa katikati. Nilipojaribu mara ya pili injini ilikuwa imezima, propela inazunguka kwa upepo tu. Na injini iliyozima haina joto la kukupa, kwa sababu joto lenyewe linatoka kwenye bomba la moshi.

Ndege ya aina ile bila injini huenda mbele kama mara tisa ya kimo ilichonacho. Ukiwa futi 1,500 hizo ni kilomita nne, ukinyoosha mstari na usipoteze kasi. Uwanja wa Malindi uko ng'ambo ya mto Sabaki, haikuwezekana. Aliyetuokoa ni Mola na bamvua: maji yalikuwa yametoka mbali, ufuo wa Mambrui ukawa mpana na mgumu. Magurudumu ya nyuma yakagusa vizuri, nikaanza kujisifu, gurudumu la mbele likazama kwenye mchanga laini na propela ikachimba chini. Hakuna aliyeumia. Kijana mmoja aliyekuwa akicheza mpira akasogea dirishani akaniuliza kwa upole, "Kaka, uwanja si uko kule?"

Fundi alipofika jua lilikuwa limewaka. Akafungua kabureta: kavu, safi, haina hata tone. Barafu haiachi ushahidi. Nilimwona kepteni wiki hiyohiyo, akanishika bega: "Pole, ni bahati mbaya. Labda mafuta yalikuwa na maji." Maji! Kabla ya kuruka nilikuwa nimechuja kila tangi kwenye chupa, buluu tupu inayong'aa, bila hata tone chini yake. Lakini watu wa aina yake hawakosei, mafuta ndiyo hukosea, upepo hukosea, mwanafunzi hukosea. Anao ujasiri wa kurusha ndege za watu kwa mdomo akiwa amekaa kwenye benchi.

Gharama? Propela unaiona imepinda, unadhani ndiyo hasara. Hasara ni kwamba propela ikigonga chini injini nayo lazima ifunguliwe yote ikaguliwe, kwa sababu mhimili wake unaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho. Ongeza kung'oa mabawa na lori hadi Nairobi. Watu wa bima wakanifungulia kitabu cha ndege ukurasa wa kushuka, wakaweka kidole kwenye mstari wa joto la kabureta, wakaniangalia. Walilipa, ila fungu langu nilitoa mimi, na kepteni hakuchangia hata ya chai. Shemeji anadai hela ya kamba mpaka leo.

Kwa hiyo: JOTO KWANZA, NDIPO UPUNGUZE NGUVU. Kila mara, hata mbingu ziwe nyeupe. Vuta hadi mwisho, usivute nusu, maana joto la nusu linaweza kuifikisha hewa pale pale barafu inapopenda. Na ukishavuta, USIRUDISHE eti kwa sababu injini inakohoa. Mkiwa safarini pia, mizunguko ikipungua bila wewe kugusa kitu, vuta. Na kama kuna mjanja anawatilia petroli ya magari, mjue hiyo hushika barafu mapema kuliko avgasi, petroli maalumu ya ndege.

Kuna atakayesema Cessna 172, ndege ndogo za viti vinne kama hiyo yenu, hazina kabureta. Zile za modeli R za mwaka 1996 kuja huku, kweli, mafuta yanapulizwa moja kwa moja. Lakini wewe umesema kishikio kipo, basi yenu ni ya zamani.

Haya, visababishi vingine, mbiombio. Mafuta kuisha: usiamini geji, panda juu upime kwa kijiti mwenyewe, na ile akiba ya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) ya dakika 30 mchana na 45 usiku ni kiwango cha chini kabisa. Kuingia mawinguni bila ujuzi wa kuruka kwa kutazama vyombo tu: Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1954 waliwaziba marubani 20 wasione nje, wote 20 wakapoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Uzito: watu wazima wanne, mizigo na matangi yaliyojaa kwa kawaida havikai pamoja kwenye 172, fanya hesabu. Na kona ya mwisho kabla ya kutua, watu hubana kona huku kasi imewaishia. Hayo yote utayasoma popote. Hili la barafu pwani utaambiwa ni kichekesho.

Saa ya kwenda, nenda asubuhi, Manda ni kama kilomita 140 tu, lakini usisahau kwamba asubuhi ndiyo yenye unyevu, kwa hiyo tunarudi palepale. Ya maboya na ndege ilale wapi tutaongea siku nyingine.

Kabla hujamlipa mtu chochote nenda uwanjani, washa injini, ifikishe mizunguko 1,700 kwa dakika, vuta kishikio hadi mwisho na uangalie mshale. Unatakiwa ushuke. Usiposhuka, joto halifiki kwenye kabureta, labda waya umekatika, na ndege hiyo usiipande. Ukishuka halafu ukapanda wenyewe kabla hujarudisha, barafu ilikuwemo tayari, na bado mko chini. Kikiwa kigumu mpaka utumie mikono miwili, mwambie mwenye ndege akitengeneze kwanza. Uandike hapa ulishuka ngapi.