Mdadisi Akibisha Hodi: Maswali Yenu Kuhusu Imani

Wiki iliyopita niliandika juu ya wadadisi wanaopita vijijini kuuliza tunaziamini taasisi zipi, na kwa kiasi gani. Mmeniletea maswali mengi. Ninaanza na haya.

Alihoji kwa jirani, mimi akaniruka. Watu 2,400 wataisemeaje nchi nzima? (Mama, Ujiji)

Mama, mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi haangalii wa juu ya gunia tu. Hutumbukiza mkono mpaka chini, akachota bila kuchagua. Afrobarometer, wanaofanya kazi hii Afrika tangu 1999, huzifuata kaya kwa mtindo huo: nyumba hupatikana kwa kuhesabu hatua kwa kanuni iliyopangwa mapema, na ndani ya nyumba bahati nasibu ndiyo humteua wa kuhojiwa. Kwa watu 2,400, jibu la nchi hupishana na hali halisi kwa takribani asilimia 2, juu au chini. Lakini usikubali mtu akuambie "Kigoma imesema". Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 mkoani kwenu, kati ya 61,741,120 wa nchi nzima. Fungu lenu katika hao 2,400 ni kama watu 96, na hapo kupishana huko hupanda hadi takribani asilimia 10.

Shikamoo. Nilipoulizwa kama naiamini serikali, mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amekaa pale pale. Nikajibu "sana". Ningejibu nini tena? (Kijana, Urambo)

Marahaba mwanangu. Hili linaniuma, maana nimewahi kuwa mdadisi. Kijijini huingii hivi hivi: unaanza na barua ya wilaya, unapita kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji, mwisho mwenyekiti anakusindikiza hadi mlangoni. Machoni pa mwenye nyumba, tayari wewe ni mtu wa serikali. Mdadisi anayeijua kazi humshukuru mwenyekiti, humwomba awaache, kisha huhamia na mhojiwa chini ya mwembe. Wako hakufanya hivyo. Jibu lako limeharibika, na kosa si lako.

Watafiti wanalijua tatizo hili. Dodoso la Afrobarometer lina swali mwishoni: unadhani nani ametutuma? Wengi hutaja serikali, ingawa mdadisi alishajitambulisha. Waliolinganisha majibu ya nchi nyingi walikuta kwamba penye utawala wa mkono wa chuma, wanaodhani mdadisi katumwa na serikali hutaja imani kubwa zaidi kwa watawala.

Wengine hutumia njia ya orodha. Kundi moja husomewa sentensi tatu za kawaida; kundi la pili husomewa hizo hizo pamoja na ya nne iliyo nyeti. Kila mtu hutaja idadi tu ya anazokubaliana nazo. Tofauti ya wastani wa makundi hayo huonyesha ni sehemu gani ya watu wanaoikubali ile nyeti, na isipokuwa umezikubali zote au umezikataa zote, hakuna anayejua wewe ulikubali ipi.

Ni kweli biashara ya utumwa bado inapunguza imani? (Mwanafunzi, Tabora)

Mwaka 2011 Nathan Nunn na Leonard Wantchekon walichapisha utafiti wa nchi 17 za Afrika. Makabila yaliyotekwa watu wengi zaidi zamani yalionekana, hata katika majibu ya 2005, kuwaamini kidogo ndugu, majirani na halmashauri. Enzi zile mtu aliweza kuuzwa hata na jamaa yake, na tahadhari hiyo ikarithiwa. Sisi wa njia ya misafara ya Ujiji tuusome kwa makini. Ila huo ni wastani wa makundi makubwa. Usimhukumu nao jirani yako.

Kila siku tunahimizwa "tuwe na imani". Kutoamini ni kosa? (Mwalimu, Kasulu)

Hapana, Mwalimu. Kuaminiwa ni jambo moja, kuaminika ni jingine. Mwanafalsafa Onora O'Neill aliisisitiza tofauti hiyo katika mihadhara yake ya BBC mwaka 2002. Mkulima wa tumbaku anayesimama kando ya mizani ya chama cha msingi mpaka kilo za mtumba wake ziandikwe anatumia akili yake vizuri. Mpeni mizani inayosomeka, hesabu zilizobandikwa ukutani na malipo yanayofika siku iliyotajwa. Asilimia za imani zikipanda bila hayo, mimi hushtuka.

Naweza kukataa kuhojiwa? (Msomaji, Nzega)

Ndiyo, tena bila kutoa sababu. Unaweza pia kukubali, kisha ukaruka swali moja. Na ukitaka mwenyekiti aondoke, mwambie mdadisi kabla ya swali la kwanza.