Mama mdogo, umeuliza kama bado ninasali

Shikamoo Mama mdogo, na shikamooni wakubwa wote mliomo kwenye kundi hili. Wadogo zangu, hamjambo.

Ujumbe wa juzi nimeuona. Mdogo wangu anabatiza mtoto mwezi wa nne, ameniomba niwe msimamizi, na mzee wa kanisa wa mtaa wetu akauliza swali ambalo ni haki yake kuuliza: "Huyo dada yenu huko Ujerumani anasali wapi?" Kundi zima likapoa. Nikaona mmoja anaandika, anafuta, anaandika tena, hakuna kilichotumwa. Usiku Mama mdogo ukaingia kwa herufi kubwa kama kawaida yako: TUJIBU UKWELI, BADO UNASALI? Chini yake ukaweka Waebrania 10:25, ule mstari wa kutoacha kukusanyika.

Najibu hapahapa mbele ya watu. Nikikujibu pembeni, kabla ya jioni jibu litakuwa limefika Machame nzima, tena limetiwa chumvi.

Mara ya mwisho kukaa kwenye benchi la kanisa kwa ibada ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi. Huo ndio ukweli uliouomba. Sasa nivumilieni kidogo, maana una mikia yake.

Mnapenda kusema niko "kwa hao waliotuletea Injili". Ni kweli. Misheni ya Leipzig ndiyo iliyotuma watu waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na ofisi yake ipo mpaka leo humuhumu mjini Leipzig ninakoishi, napita karibu yake kwa tramu. Basi mnadhani Jumapili watu hapa wanamiminika kanisani kama kwetu siku ya mavuno. Jamani! Mashariki hii ya Ujerumani ilikaa miaka 40 chini ya serikali ya kikomunisti, na kanisa lilibanwa polepole, bila kelele. Vijana walipelekwa kwenye sherehe ya serikali iliyochukua nafasi ya kipaimara, wanaiita Jugendweihe, na kijana aliyeikataa aliweza kujikuta amenyimwa nafasi ya masomo ya juu. Vizazi viwili tu, kazi imekwisha. Nilipoanza kazi hapa kwenye nyumba ya wazee nilimuuliza mwenzangu wa zamu kama ni Mkristo. Akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, mimi wa kawaida tu." Hakuwa anampinga Mungu wala kunitania. Ni kama nimemuuliza kama anacheza bao.

Halafu kuna jambo la pesa, na hili wengi huko hamlijui. Ulipohamia tu unajiandikisha makazi, na fomu ina sehemu ya dini. Mimi na ushamba wangu nikajaza kwa furaha: Mlutheri. Mshahara wa kwanza ulipotoka nikakuta mstari umeandikwa Kirchensteuer, kodi ya kanisa. Huku Saxony, jimbo letu, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Ya kodi, siyo ya mshahara, msianze kupiga hesabu za fungu la kumi. Nikikatwa kodi euro 200, kanisa linapata 18. Mwajiri anakata, inapitia serikalini, inaishia kanisani. Hakuna bahasha ya sadaka yenye namba, hakuna mzee wa kanisa anayekuangalia usoni kwa sababu ahadi yako ya jengo haijakamilika. Ukitaka kuondoka unakwenda na kitambulisho kwenye ofisi ya serikali, ileile inayoandikisha vizazi na ndoa, unasaini, basi. Mchungaji anaarifiwa baadaye. Kila mwaka wanaotoka ni malaki ya watu, na ilipofika mwaka 2022 Wakatoliki pamoja na Waprotestanti wa makanisa haya makubwa walikuwa wameshashuka chini ya nusu ya wananchi.

Mimi sikutoka. Nakatwa kila mwezi mpaka leo. Kwa vitabu vya Wajerumani mimi ni msharika safi, bila doa. Rafiki yangu Mghana alisaini akatoka ili aokoe hizo euro, na kila Jumapili anasali saa nne mfululizo kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya gereji, anafunga, anakesha, anafukuza pepo. Mkituweka mbele ya mzee wa kanisa, sijui atamsajili nani. Nilikwenda naye mara tatu. Uimbaji ulinitoa machozi, nisiseme uongo. Mara ya tatu mhubiri akawasimamisha waliokuwa hawajatoa pesa ya vyombo vya muziki, mmoja mmoja, mbele ya watu. Nikachukua koti langu.

Kwa nini basi siendi kwenye kanisa la hapa mtaani? Huwa nawaambia ni zamu, na zamu kweli zipo: wikiendi mbili kwa mwezi niko kazini, kuingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lakini mwezi una Jumapili nyingine. Zamu ni kisingizio changu kizuri, naomba mnisamehe kwa miaka yote niliyokitumia.

Mwanzoni nilikwenda. Kanisa la kukaa watu mia tano, ndani tuko kama kumi na tano, wazee watupu, kila mtu na benchi lake, mbalimbali kama wanaosubiri matokeo ya hospitali. Kinanda kizuri sana. Mahubiri mafupi, yamepangwa vizuri, dakika hamsini kila kitu kimekwisha. Mlangoni mchungaji ananipa mkono, ananitakia Jumapili njema. Hakuna aliyenikosea adabu. Nilihudhuria Jumapili sita. Ya saba sikwenda, nilikuwa na mafua. Ya nane nilikuwa mzima, nikakaa nyumbani makusudi, nikingoja mtu aniulize nilikuwa wapi. Nani aniulize? Namba yangu hawana, jina langu liko kwenye kompyuta ya kodi.

Hapo ndipo nilianza kujiuliza swali lako, Mama mdogo, kwa uchungu kuliko ulivyoniuliza wewe. Kwetu nilikuwa sikosi ibada. Lakini mnakumbuka Bibi? Alikuwa anatutuma ibada ya kwanza na tukirudi anauliza somo lilitoka wapi na mchungaji alivaa stola ya rangi gani. Aliyekosea alikula chai bila kitafunwa. Mimi na kaka tulijifunza kumuuliza mtu pale mlangoni, kisha tukaenda kucheza mtoni. Sasa hiyo ilikuwa dini?

Hapa mjini kuna kanisa linaitwa Nikolaikirche. Kuanzia mwaka 1982 walikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Ilipofika Oktoba 9, 1989, watu wameshachoka na serikali, chama tawala kikatuma mamia ya makada wake waingie kanisani mapema wajaze mabenchi, ili waandamanaji wakose nafasi. Mchungaji Christian Führer akawakaribisha kama wageni wengine. Wakakaa, wakasikia Neno, mpaka mwisho. Jioni hiyo watu wapatao 70,000 waliandamana katikati ya mji bila risasi hata moja kupigwa, na mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Nikiwa na siku ya mapumziko napenda kuingia mle na kukaa nusu saa, saa ambayo hakuna ibada. Nawafikiria wale makada. Walihudhuria, tena waliwahi kuliko waumini. Na wengi wa wale waliokuwa wanaandamana nje hawakuwa watu wa kanisa, na uhuru ulipopatikana hawakurudi. Nawafikiria, kisha namkumbuka Bibi na ile chai kavu. Na mimi nilikuwa wa kutumwa tu, kama wao.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mtu anaweza kuwa wa dini bila kwenda ibada, nitasema anaweza. Naomba asubuhi nikivaa viatu. Naomba ninapomgeuza mgonjwa kitandani na sijui kama atafika kesho. Katekisimo Ndogo tuliyokaririshwa kipaimara, kwenye amri ya tatu, Luther hakuandika kwamba lazima uonekane benchini. Aliandika tusidharau mahubiri na Neno la Mungu, tulisikie kwa furaha na kujifunza. Na Yesu mwenyewe, kwenye Mathayo 6, alisema uingie chumbani ufunge mlango. Chumba ninacho, mlango unafungika vizuri sana, madirisha ya huku yana vioo viwili hata mvua huisikii.

Lakini sasa ngoja niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu.

Tangu vijana wa kwaya waanze kurusha ibada yetu mtandaoni, naisikiliza. Ibada ya kwanza kwenu inaanza saa moja. Majira ya baridi kwangu ni saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, nimeweka kifaa sikioni nangoja tramu. Mahubiri huwa nayapitia juujuu, nisamehewe. Ninachosubiri ni matangazo. Ndiyo, yale matangazo ambayo nilipokuwa huko nilikuwa natoka nje kuyakwepa! Matangazo ya ndoa kwa mara ya tatu. Fulani na fulani wanarudi kundini. Familia ya mzee fulani inashukuru mama amepona. Jumuiya ya mtaa wa juu ijiandae, wiki ijayo zamu yao ya usafi. Halafu mnada wa sadaka: jogoo wa kwanza, nani ataanza na elfu kumi? Mkungu wa ndizi. Maziwa lita tatu. Nasimama pale kwenye barafu nacheka peke yangu, Wajerumani wananitazama.

Mwaka jana Novemba nilifanyiwa upasuaji, mnajua. Niliporudi kazini, Jumapili ya kwanza niko kituoni, mwinjilisti akasoma: "Bahasha ya shukrani, kutoka kwa familia, kwa ajili ya binti yao aliyeko Laipiziki, amefanyiwa operesheni na anaendelea vizuri." Laipiziki! Akasoma na jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Washarika wakasema amina kwa pamoja, ile amina yenu nzito. Tramu ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaondoka. Nilichelewa kazini dakika kumi na mbili.

Mahubiri nayapata popote, Mama mdogo. Maombi nayafanya mwenyewe. Kutajwa ndiyo siwezi kujifanyia. Siwezi kusimama chumbani kwangu, mlango nimeufunga, nikajitangaza kwamba nimepona, kisha nikajiitikia amina.

Hivyo upande wako una hoja, ila mstari wako nausoma tofauti na wewe. Wewe unauweka kama rula ya kunichapia. Mimi nikiusoma naona mtu anayejua kwamba binadamu akiachwa peke yake anasahaulika haraka, hata na nafsi yake. Na nasema hivi nikijua kwamba huko kwenu pia wapo wanaokuja kila Jumapili na hawatajwi, kwa sababu bahasha zao ni tupu au wametengwa. Hilo nalo mzee wa kanisa aliangalie.

Kuna ibada moja ambayo huwa sikosi, na sijui kama mtaihesabu. Mara moja kwa mwezi, siku ya kazi, mchungaji anakuja kwenye nyumba yetu ya wazee. Nasukuma viti vya magurudumu vinane mpaka ukumbi wa chakula. Wengine wanakuja kwa sababu baada ya hapo kuna keki. Bibi mmoja hakubatizwa maisha yake yote, na ndiye anayewahi kuliko wote. Mwingine amesahau watoto wake, amesahau mwaka huu ni upi, lakini wimbo ukianza anaimba beti zote nne. Sauti ya wimbo ni ileile iliyomo kwenye kitabu chetu cha nyimbo. Yeye kwa Kijerumani, mimi kwa Kiswahili, huku namfuta mate. Nalipwa kwa saa wakati huo, kwa hiyo sijui kama ni ibada au ni kazi.

Sasa turudi kwenye ubatizo. Huku msimamizi anatakiwa awe na cheti kutoka usharika wake, wanakiita Patenschein. Wiki hii nilikwenda ofisi ya kanisa la mtaani kukiomba. Karani akaandika jina langu kwenye kompyuta, dakika mbili, akasema, "Ndiyo, wewe ni msharika wetu tangu 2018." Akachapa, akagonga muhuri, akanitakia siku njema. Hajawahi kuniona.

Cheti kimo kwenye bahasha, nakituma na picha yake naiweka hapa chini. Mdogo wangu, mpelekee mzee wa kanisa, na umsomee na haya niliyoandika, usimfiche. Akisema cheti cha watu wasionijua hakimtoshi, nitamwelewa, na mtoto atafutiwe msimamizi mwingine aliye karibu. Akikubali, niambieni mapema kama ubatizo utakuwa ibada ya kwanza au ya pili, maana ratiba ya zamu ya mwezi wa nne inafungwa Ijumaa.