Re: Riwaya imekwama sura ya tatu, mzuka umekata
Mkuu, kinachokumaliza ni hiyo tabia uliyosema ya kurudi kuediti sura ya kwanza kila siku, rasimu iache na makosa yake kwanza usonge mbele. Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alikuwa anaandika asubuhi halafu anaacha pale anapojua kabisa nini kinafuata, kwa hiyo kesho yake haanzi na kichwa kitupu, aisee hii inasaidia mno. Na muda mzuri usiusubiri, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya akiwa kizuizini gereza la Kamiti, Kenya, 1978, kwenye karatasi za chooni! Wewe anza na maneno 300 kabla hujashika WhatsApp, ukikosa leo usijilimbikizie deni, kesho endelea na 300 zako tu. Hiyo sura ya tatu iruke, andika ile unayoiona vizuri kichwani.